THEODOR BOVERI, MTAALAMU ALIYETAMBUA CHANZO CHA KANSA

Wapiganaji na askari polisi wasomaji wetu, leo twawaletea maisha ya Theodor Boveri, mtaalamu wa viumbe aliyezaliwa mwaka 1862 mjini Bamberg, Ujerumani, na kuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Würzburg tangu mwaka 1893.

Boveri hakuanza na wagonjwa. Alisafiri mara kwa mara hadi Naples, Italia, kuchunguza kwa darubini mayai ya yule kiumbe wa bahari mwenye miiba ambaye wavuvi huchelea kumkanyaga. Aliona kwamba yai likiingiwa na mbegu mbili za kiume, kromosomu, yaani nyuzi zibebazo urithi wa seli, hugawanywa bila uwiano. Seli zilizopunjwa huharibika, mfano wa kikosi kilichopewa bunduki bila risasi.

Mwaka 1914 alitoa kitabu akieleza kuwa kansa huanzia katika seli moja tu, ambayo kromosomu zake zimeharibika, nayo ikazaana bila kutii amri ya mwili. Ushahidi kutoka katika uvimbe wenyewe hakuwa nao. Alifariki mwaka 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, akiwa na umri wa miaka 53. Mkewe, Marcella, Mmarekani na mtaalamu wa viumbe pia, alikitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza, kikachapishwa mwaka 1929.

Ushahidi ulifuata. Mwaka 1960, huko Philadelphia, Marekani, kromosomu yenye kasoro iligunduliwa katika aina moja ya kansa ya damu. Leo yajulikana kwamba seli ya binadamu, kabla ya kugawanyika, hunakili DNA yenye jozi za herufi zipatazo bilioni 6. Nakala hukaguliwa papo hapo, lakini makosa machache hupenya. Sehemu zinakiliwazo mwisho huelekea kuwa na makosa mengi zaidi. Na mkaguzi mwenyewe akiharibika, makosa hurundikana kwa maelfu. Kwa kusoma mpangilio wake, wataalamu huweza kutambua ni ulinzi gani uliovunjika, na mara nyingine dawa ipi itafaa.

Basi kansa si laana wala si uchawi. Ni makosa katika urithi wa seli, na moshi wa sigara huyaongeza. Mwenzetu aonaye uvimbe usiopungua asiufiche kwa ushujaa. Afike mapema kwa daktari, kwani adui aliyeonekana mapema hukabiliwa kwa wepesi zaidi.