Pasteur, barafu na homa ya matumbo

Wazazi wengi wa Buzwagi na mitaa mingine ya Kahama huamini kwamba maji yakishaganda kuwa barafu, vijidudu vyote vimekufa. Sivyo. Maisha ya Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa, yanatusaidia kuelewa.

Pasteur alizaliwa mwaka 1822 mjini Dole, mtoto wa mtengeneza ngozi. Alisomea kemia, si udaktari. Septemba 1859 homa ya matumbo, yaani taifodi, ilimuua binti yake mkubwa, Jeanne, mwenye miaka 9. Wakati huo chanzo cha ugonjwa huo hakikujulikana, na wasomi wengi waliamini vijidudu huzuka vyenyewe kwenye kitu kinachooza.

Mwaka uliofuata alichemsha maji ya hamira ndani ya chupa, akaziziba. Chupa 20 alizifungua kidogo mashambani na kuziziba tena, 8 zikaharibika. Nyingine 20 alizifungua kwenye milima ya Jura, zikaharibika 5. Kwenye barafu ya Mer de Glace, mita 2,000 juu, kati ya 20 iliharibika 1 tu. Vijidudu, basi, vilibebwa na vumbi la hewani. Kilichochemshwa na kufunikwa kilibaki salama.

Mwaka 1866 taifodi ilimchukua binti mwingine, Cécile, mwenye miaka 12. Miaka miwili baadaye Pasteur alipata kiharusi, lakini hakuacha kazi. Mwaka 1885 chanjo yake ya kichaa cha mbwa ilitumika kumkinga mtoto Joseph Meister, aliyeng'atwa na mbwa. Alifariki Septemba 28, 1895.

Hewa ya mlimani ilikuwa safi, lakini barafu yenyewe haisafishi kitu. Wanasayansi waliotoboa barafu ya ncha za dunia wamekuta humo chavua, kuvu na bakteria wa maelfu ya miaka. Barafu ilipoyeyushwa, baadhi ya bakteria walianza tena kuzaliana. Ubaridi huwalaza, moto ndio huwaua.

Kwa hiyo, mama unayetengeneza barafu za kuuza shuleni, chemsha kwanza maji, yapoe yakiwa yamefunikwa, na unawe mikono kwa sabuni. Mtoto akipata homa, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo apimwe. Usimpe dawa za kuua bakteria kutoka duka la dawa kwa kubahatisha.