Pran, Msomi wa Siasa Aliyechagua Kuchora

Mwaka wa kwanza nilikuwa nachora pembeni mwa noti zangu. Lekcha ya saa moja asubuhi, ukumbi umejaa, mimi nahangaika na shavu la jirani aliyesinzia. Likizo ilipofika, mzee wangu akalifungua daftari, akapitia kurasa tatu, akalifunga. Hakugomba. Aliuliza tu kama ada anayolipa ndiyo inanunua hayo. Nikaweka kalamu chini.

Wanachuo wenzangu, nimeishika tena mwaka huu. Aliyenirudisha ni Mhindi mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 10 iliyopita, Pran Kumar Sharma, ambaye wasomaji wake walimjua kwa jina moja tu: Pran.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1938 katika mji wa Kasur, karibu na Lahore. Iangalie vizuri tarehe hiyo. Siku aliyotimiza miaka 9 ndiyo siku India ilipopata uhuru, na nchi ikagawanywa. Kasur ikabaki Pakistan. Familia yake, kama mamilioni ya wengine, ikavuka kwenda India. Yaani mtoto anaamka anakuta kwao pamekuwa nchi nyingine.

Shule hakuiacha. Alisoma sayansi ya siasa mpaka shahada ya uzamili. Akajiandikisha pia kusoma sanaa kwa njia ya posta katika chuo cha Sir J.J. cha Bombay, akilenga kuwa mwalimu wa kuchora. Kwa hesabu za wazazi wetu, hapo kuna kazi mbili za heshima. Yeye akachukua ya tatu. Mwaka 1960 alianza kuchora katuni katika gazeti la Milap la Delhi, kuhusu kijana aitwaye Daabu.

Na huo haukuwa wakati rahisi. Katuni nyingi zilizosomwa India zilitoka nje, zikiwa na mashujaa kama Phantom, wenye misuli na vinyago usoni. Pran angeweza kuiga. Badala yake, katika jarida la watoto la Lotpot, akamleta mzee mwembamba mwenye kilemba chekundu, masharubu meupe, kizibao na fimbo. Akamwita Chacha Chaudhary. Chacha kwa Kihindi ni baba mdogo. Kila ukoo unaye mzee wa aina hiyo, ambaye mambo yakiharibika anaitwa yeye.

Silaha ya Chacha ni akili, ambayo eti inakwenda kasi kuliko kompyuta. Na kompyuta yenyewe, wakati ule, wasomaji wengi hawakuwahi kuiona! Kazi za nguvu anamwachia Sabu, jitu kutoka sayari ya Mshtarii, ambaye akikasirika volkano inalipuka mahali fulani. Lakini nyumbani wote wawili wanamwogopa Bini, mke wa Chacha, akishika kigongo chake cha kusukumia chapati.

Wapo na wengine: Pinki, mtoto mtundu, Billoo, ambaye nywele zimemfunika macho, Shrimatiji, mama wa nyumbani, na Raman, karani wa ofisini ambaye mshahara haumtoshi. Hakuna hata mmoja anayeruka angani. Ni watu wa mtaani tu. Vitabu vyao vilichapwa na Diamond Comics kwa Kihindi, Kiingereza na lugha nyingine za India, na Chacha akaingia mpaka kwenye televisheni.

Kilichonigusa zaidi ni cha mwaka 1983. Pran alitoa kitabu cha Raman kilichohimiza umoja wa Wahindi, na aliyekizindua ni Waziri Mkuu Indira Gandhi mwenyewe. Fikiria: mtoto aliyehamishwa na mgawanyiko wa nchi anakua, anasoma siasa, halafu anawafundisha watoto umoja kwa vibonzo. Nani atasema ile digrii ilipotea? Alifika nayo kwa wasomaji ambao tasnifu zetu za kurasa 80 hazitawafikia kamwe.

Alifariki Agosti 2014 kwa saratani, siku chache kabla ya kutimiza miaka 76. Mwaka uliofuata serikali ya India ikampa nishani ya Padma Shri, yeye akiwa hayupo tena kuipokea. Heshima ya mchoraji huchelewa hivyo.

Simaanishi tutupe vitabu tukachore. Pran mwenyewe hakuvitupa. Mimi nina sapu moja ya kurudia na nitaifanya. Ila ukinikuta kwenye kimbweta jioni nachora, ujue siyo uvivu. Namchora mzee wangu akilifunga lile daftari. Likizo ijayo namwachia mezani, likiwa wazi ukurasa huohuo.