Sharifu aliyeketi na wanyonge wa Langoni

Kila uwadiapo Mfungo Sita, mji wa Lamu hufurika wageni. Huja kwa mashua na kwa ndege, kutoka Mombasa, Malindi, Tanga, Unguja, Ngazija na hata Arabuni. Kuna Maulidi katika Msikiti wa Riyadha, kuna mashindano ya punda na ya mashua, na kuna ziara ya kaburi la mtu mmoja. Sina ugomvi na furaha hiyo. Ninachokihofia ni kwamba kadiri sherehe inavyokua, ndivyo habari za mtu huyo zinavyobaki jina tupu. Na habari zake si za kuliwaza tu. Zina swali kwetu.

Mtu huyo ni Sayyid Swaleh bin Alawi Jamalullail, ajulikanaye zaidi kwa jina la Habib Swaleh. Alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19, katika ukoo wa masharifu wenye asili ya Hadhramaut. Angali kijana alivuka bahari akaja Lamu, ambako palikuwa na jamaa zake wa ukoo huo huo. Hapo alisoma kwa wanazuoni wa mji, miongoni mwao Sayyid Mansab, ambaye wapenzi wa ushairi wa Kiswahili wanamjua vyema.

Ili msomaji auone uzito wa alilolifanya, hana budi kuujua mji wenyewe. Lamu ilikuwa na pande mbili. Kaskazini ni Mkomani, penye majumba ya mawe na chokaa, milango ya nakshi na koo za waungwana. Kusini ni Langoni, ambako wakati ule nyumba nyingi zilikuwa za udongo na makuti. Huko waliishi wavuvi, wachukuzi, wageni kutoka Ngazija na Hadhramaut, na watumwa pamoja na wale walioachwa huru. Elimu ya juu ya dini ilikuwa kama mali ya urithi, hupita kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Mtumwa alifunzwa kiasi cha kumwezesha kusali, basi. Tafsiri, fiqhi na sarufi ya Kiarabu havikuwa vyake.

Habib Swaleh alikuwa sharifu. Angetaka, Mkomani ingempokea, angeketi katika daka zake na kubusiwa mkono hadi kufa kwake. Yeye alichagua kukaa Langoni. Aliwafunza wale ambao hawakuwa na wa kuwafunza, akaketi nao mkeka mmoja, akala nao, akawauguza kwa dawa za miti alizozijua. Hapo ndipo jambo kubwa lilipotendeka, nalo lilitendeka bila kelele: siku baada ya siku, darasa baada ya darasa, kwa watu ambao mchana wao ulikuwa wa kazi.

Zama zile zilikuwa na wahubiri wengi. Wamisionari wa Kijerumani wa Neukirchen walipita Lamu wakielekea Mto Tana, na huko Ngao wakaanza kazi yao mwaka 1887. Wao pia walikuwa watu waliohama makwao kwa ajili ya imani. Lakini Habib Swaleh hakuja kuwabadilisha watu dini. Alikuja kuwaambia Waislamu kwamba dini waliyo nayo ni ya ndugu zao wote.

Maulidi aliyoyaeneza ni yale yaliyotungwa Seiyun na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, naye akayasoma kwa tari na kwa sauti za watu wengi pamoja. Palizuka mzozo. Wako wanazuoni waliokataa ngoma msikitini kwa hoja za kielimu, na hoja hizo zastahili heshima. Lakini kwa maoni yangu, wengi waliochukia hawakuichukia tari. Waliuchukia mkono ulioishika. Mkono ule ulizoea jembe na kasia, na sasa ulikuwa ukimsifu Mtume mbele za watu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Msikiti wa Riyadha ulikuwa umesimama Langoni, ukiwa na jina sawa na la msikiti wa al-Habshi kule Seiyun. Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ilifuta utumwa pwani ya Kenya. Sheria ile ilikuwa njema, ila sheria humtoa mtu katika milki ya mwenziwe. Haimpi mahali pa kuketi. Mahali hapo wengi walikuwa wamekwisha kupapata Riyadha.

Wanafunzi walikuja kutoka mbali, nao walihitaji kula na kulala. Hapa nataka kusema jambo ambalo wasimulizi wetu hulipita upesi. Hakuna chuo cha namna hii kinachosimama kwa vitabu peke yake. Nyuma ya mwalimu anayefungua mlango kwa kila mtu, wako wanawake wanaoteka maji, wanaopika wali na kuhesabu midomo. Tukimsifu sharifu, tusiisahau nyumba yake.

Habib Swaleh alifariki mwaka 1935, na kazi ikaendelezwa na wanawe, akiwemo Sayyid Ahmad Badawi. Waliosoma Riyadha wakatawanyika pwani nzima na bara, wakafungua vyuo vyao. Hata waungwana, ambao wazee wao walikunja uso, walifika kuketi katika msikiti ule wa Langoni.

Sasa swali. Leo hatuna watumwa, lakini bado tunao watoto ambao mlango wa elimu hufungwa mbele yao kwa sababu ya karo, ya ukoo, ya mtaa waliotoka au ya lafudhi yao. Tuna vyuo na shule zinazojivunia wale zinaowakataa. Mwanachuoni huyu alijivunia wale aliowakubali. Anayetaka kumheshimu asingoje Mfungo Sita. Na atazame ni nani ameachwa nje ya mlango wake, amtandikie mkeka.