Martin Luther na Faida ya Wafanyabiashara

Martin Luther hutajwa sana kwa hoja zake 95 za mwaka wa 1517, na wengi humchukulia kuwa mwanatheolojia wa imani na neema tu. Maandishi yake kuhusu biashara husahaulika, ilhali ndiyo yanayomwingiza katika mjadala wa utandawazi.

Alizaliwa mjini Eisleben, Ujerumani, mnamo 1483. Babake, Hans, aliendesha tanuri za kuyeyushia shaba huko Mansfeld kwa mtaji wa kukopa; kwa hivyo deni hakulijulia vitabuni. Mnamo Julai 1505 Luther aliingia utawani mjini Erfurt. Mwezi huohuo msafara wa Wareno ulioongozwa na Francisco de Almeida uliiteka na kuipora Kilwa, na mwezi uliofuata ukaiteketeza Mombasa. Merikebu tatu za msafara huo ziligharimiwa na wafanyabiashara wa kigeni, wakiwemo akina Welser na akina Fugger wa Augsburg. Walichofuata ni pilipili ya India.

Akina Fugger hawakukaa mbali naye. Albrecht wa Brandenburg alikuwa amewakopa fedha za kuilipa Roma ili apate uaskofu mkuu wa Mainz, na nusu ya mapato ya vyeti vya msamaha wa dhambi ilikusudiwa kulipa deni hilo. Alipovipinga vyeti hivyo, Luther aligusa pia daftari la mkopeshaji.

Mnamo 1524 alichapisha kitabu kuhusu biashara na riba. Humo alikataa kanuni ya kuuza kwa bei ya juu kabisa anayoweza kutozwa mnunuzi. Kwake, bei ifidie gharama, jasho na hatari anayoikabili muuzaji, bali dhiki ya jirani isigeuzwe kuwa chumo. Aliwakemea walanguzi wanaohodhi bidhaa, pamoja na makampuni ya ukiritimba yanayowafilisi wafanyabiashara wadogo. Biashara ya Calicut na India, iliyoleta hariri na viungo, aliilaumu kwa kuimaliza fedha ya Ujerumani kwa ajili ya anasa. Na hapa pana pengo kubwa: alihesabu fedha iliyotoka kwao, hakuhesabu bandari zilizoporwa ili viungo hivyo vifike.

Yapo mengine mazito zaidi. Wakulima walipoasi mnamo 1525, aliwahimiza watawala wawaue bila huruma. Maandishi yake ya 1543 dhidi ya Wayahudi yamejaa chuki, na riba ni mojawapo ya shutuma zilizomo. Hayo hayawezi kutengwa na fikra zake za kiuchumi kana kwamba yaliandikwa na mtu mwingine.

Hata hivyo, hakulegeza msimamo kuhusu riba. Mnamo 1540 aliwataka wachungaji waihubiri waziwazi, na wala riba wasiotubu wanyimwe Meza ya Bwana na mazishi ya Kikristo. Alifariki Eisleben tarehe 18 Februari 1546, alikokuwa amekwenda kuwapatanisha watawala wa Mansfeld waliokuwa wakigombania mali.