Jean Renoir na filamu ya vita isiyo na mapigano

Ukiwauliza vijana wetu filamu bora ya vita ni ipi, aghalabu watakutajia ile yenye moshi mwingi, mizinga inayonguruma na shujaa mmoja anayewafyeka maadui mia bila ya kuchubuka ngozi. Sina ugomvi na burudani. Lakini maadamu walimu wa fasihi huwafunza wanafunzi wao kuuliza ni kwa nini kazi moja hudumu na nyingine husahaulika, swali hilo halina budi kuulizwa kuhusu sinema pia. Nami sioni njia nyepesi ya kulijibu kuliko kusimulia maisha ya Mfaransa mmoja aliyechechemea kwa zaidi ya miaka 60.

Jean Renoir alizaliwa Paris tarehe 15 Septemba 1894. Baba yake alikuwa Pierre-Auguste Renoir, mchoraji ambaye picha zake leo zinatundikwa katika majumba makubwa ya sanaa duniani. Alilelewa miongoni mwa rangi na wageni wa baba yake, na yaya wake Gabrielle alizoea kumpeleka kutazama michezo ya vikaragosi. Hakuna aliyetarajia kwamba mtoto huyo angekuwa askari, lakini mwaka 1913 alijiunga na kikosi cha wapanda farasi, na mwaka uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia vikazuka.

Mwaka 1915, akiwa sasa askari wa miguu, alipigwa risasi ya paja. Jeraha likaoza na madaktari wakaazimia kuukata mguu. Mama yake, ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa, alifunga safari hadi hospitalini na kukataa katakata. Mguu ukapona kwa kiasi. Mama akafariki miezi michache baadaye. Kijana Renoir akarudi Paris kuuguza kidonda karibu na baba ambaye baridi yabisi ilikuwa imemfunga kitini, na katika siku hizo za kukaa bure akaanza kuhudhuria sinema, hasa vichekesho vya Charlie Chaplin. Mtu mwingine angalishukuru Mungu na kubaki nyumbani. Yeye aliomba kurudi vitani, na kwa kuwa hakuweza tena kutembea vyema, akapelekwa katika jeshi la anga kupeleleza na kupiga picha za maeneo ya adui.

Huko angani ndiko mbegu ya kazi yake kuu ilikopandwa. Siku moja ndege yake, nzito na ya mwendo wa polepole, ilivamiwa na ndege ya Kijerumani. Akaokolewa na rubani mwenzake aliyeitwa Pinsard. Vita vikaisha, kila mmoja akashika njia yake. Renoir alijaribu ufinyanzi, akamwoa mwanamke aliyekuwa amekaa kielelezo mbele ya baba yake, kisha akaziuza picha za marehemu baba ili kugharimia filamu zake za mwanzo, ambazo hazikumletea faida. Mwaka 1934 alikuwa kusini mwa Ufaransa akitengeneza filamu ya Toni, na kelele za ndege kutoka uwanja wa jirani zikawa zinamharibia sauti. Alipokwenda kulalamika, alimkuta mkuu wa uwanja ni Pinsard yule yule. Jioni zao zikajaa hadithi za jinsi Pinsard alivyotekwa na kutoroka kutoka kambi za Wajerumani. Renoir akaandika, kisha akabisha milango ya wenye fedha kwa miaka kadhaa, hadi hatimaye La Grande Illusion ikatoka mwaka 1937.

Hii ni filamu ya vita isiyoonyesha mapigano hata mara moja. Tunawaona maafisa wa Kifaransa wawili wakijiandaa kuruka kwa upelelezi, na muda mfupi baadaye tunawaona wakiwa mateka. Mmoja, Boeldieu, ni mwinyi wa ukoo mkubwa; mwenziwe, Maréchal, ni fundi wa mitambo. Kambini wanampata Rosenthal, Myahudi wa familia ya matajiri, anayewalisha wote kwa vifurushi vinavyotoka kwao. Hatimaye wanahamishiwa ngome inayosimamiwa na Rauffenstein, mwinyi wa Kijerumani, naye na Boeldieu wanaelewana kwa sababu wametoka katika tabaka moja. Wanawajua watu wale wale, na hata hugeuza lugha wakaongea Kiingereza. Mpaka unaowatenga na wanaume waliovaa sare sawa na zao ni mnene kuliko mpaka wa Ufaransa na Ujerumani.

Walimu wa lugha nawasihi watazame tukio moja. Mateka wamechimba njia ya chini kwa chini kwa siku nyingi. Inapokaribia kukamilika wanahamishwa ghafla, na Waingereza wanaingia mahali pao. Maréchal anajitahidi kumwambia Mwingereza mmoja kwamba shimo liko tayari, lakini hawaelewani kwa neno hata moja. Kazi yote inapotea. Hakuna bomu lingeweza kuueleza upuuzi wa vita kwa ukamilifu kama huo.

Baadaye Boeldieu anapiga filimbi juu ya kuta za ngome ili kuwavuta walinzi, wenzake wapate kutoroka. Rauffenstein analazimika kumpiga risasi, halafu anamwuguza hadi kufa, na kulikata ua la pekee lililokuwa likimea katika ngome ile. Watoro wanahifadhiwa na mjane wa Kijerumani aliyempoteza mume na ndugu katika mapigano ambayo karibu yote taifa lake liliyaita ushindi mkubwa. Meza yake ya chakula sasa ni kubwa mno kwa watu waliobaki. Askari wa Kijerumani angeweza kuwapiga risasi mwishoni, lakini anazuiwa na mwenzake: wamekwisha kuingia Uswisi, ingawa katika theluji ile mpaka hauonekani.

Kwa maoni yangu hapo ndipo ubora wake ulipo. Mtazamaji huja na chuki yake tayari, naye Renoir hampi mtu wa kumtupia. Ni mtu aliyepigwa risasi halisi anayekataa kutugeuzia risasi kuwa tamasha.

Mwafrika naye yumo. Katika ngome mna afisa Msenegali, aliyeigizwa na Habib Benglia, ambaye amechora picha ya haki ikiuandama uhalifu. Anawaonyesha Wafaransa wenzake. Wanaitupia jicho na kurudi kwenye mambo yao. Sisi ambao mtaa wetu wa Kariokor, Nairobi, umepewa jina la kikosi cha wapagazi wa vita hivyo hivyo, tunaijua hali hiyo. Wapo watakaoiita dosari ya filamu. Mimi naiona kuwa ni kweli iliyonaswa.

Hitler na Mussolini waliipiga marufuku. Marekani iliteuliwa kuwania tuzo ya filamu bora ya mwaka, heshima ambayo filamu ya lugha ya kigeni haikuwa imepata kabla. Hata hivyo miaka miwili baada ya kutoka kwake vita vingine vikazuka, na Renoir alikiri waziwazi kwamba filamu yake haikuzuia lolote. Mwenyewe hakuwa malaika: aliyekuwa rafiki wa Wakomunisti mwaka 1936 alikwenda Roma mwaka 1939 kutengeneza filamu katika nchi ya Mussolini, jambo lililowaudhi wengi. Wajerumani walipoiteka Ufaransa alihamia Marekani, akapata uraia, akatengeneza filamu huko na hata India, na mwaka 1962 akarudia habari za mateka, safari hii wa vita vya pili. Alifariki Beverly Hills tarehe 12 Februari 1979, akazikwa Essoyes, kijiji cha mama yake.

Nakala asilia ya La Grande Illusion ilichukuliwa Paris na Wajerumani, ikapelekwa Berlin. Mwaka 1945 Warusi wakaihamishia Moscow, na kwa muda mrefu iliaminika kuwa imeteketea. Katika miaka ya 1960 ilirudishwa Ufaransa na kuwekwa katika ghala la filamu la Toulouse bila ya kutambuliwa. Iligunduliwa katika miaka ya 1990, na mtengenezaji wake alikuwa amekwisha kufa.