Élie Metchnikoff, mwanasayansi aliyeyapa maziwa ya mgando sifa duniani

Katika mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, maziwa ya mgando yanajulikana na wakubwa kwa wadogo. Asiyejulikana sana ni mtu aliyeyaingiza katika maabara: Élie Metchnikoff.

Alizaliwa mwaka 1845 karibu na Kharkiv, katika Ukraine ya leo. Mwaka 1882, akiwa Messina nchini Italia, alichoma miiba katika mabuu ya kiti cha pweza, na kesho yake akakuta seli zimeizunguka. Hivyo akatambua kwamba mwili una seli zinazomeza vijidudu. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani.

Mwaka 1888 alihamia Paris, katika Taasisi ya Pasteur. Kipindupindu kilipoikumba Ufaransa mwaka 1892, alikunywa vijidudu vya maradhi hayo, wala hakuugua. Mwingine aliyejitolea kufanya vivyo hivyo nusura afe. Metchnikoff akashuku kwamba vijidudu vinavyoishi matumboni huweza kuuzuia ugonjwa au kuusaidia.

Baadaye alifundisha kwamba uozo ndani ya utumbo mpana huharakisha uzee. Akavutiwa na wakulima wa Bulgaria, waliosifika kwa maisha marefu na kwa kunywa maziwa yaliyochachuka. Bakteria wa maziwa hayo alikuwa ametambuliwa mwaka 1905 na daktari wa Kibulgaria, Stamen Grigorov. Metchnikoff mwenyewe aliyanywa kila siku, na wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani wakayauza kama dawa ya uzee. Alifariki mjini Paris mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka 71, kwa maradhi ya moyo.

Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba bakteria huyo hafanyi makazi katika utumbo wa binadamu. Hata hivyo, wazo lake halikufa. Leo vijidudu hai vyenye manufaa huitwa probiotiki. Baadhi yake hupunguza uwezekano wa kuharisha kunakosababishwa na antibiotiki, lakini faida hutegemea aina na kiasi chake, na si kila maziwa ya mgando huwa nayo.

Kwa wakazi wa Buyenzi tofauti hiyo ni nzito, kwani kipindupindu kilizuka tena Bujumbura mwaka 2023. Maziwa ya mgando, yaliyochemshwa kabla ya kugandishwa, ni chakula chema, lakini hayatibu kipindupindu. Anayeharisha maji maji hupaswa kunyweshwa mara moja maji safi yenye chumvi za kurudisha maji mwilini, na kufikishwa kituo cha afya bila kuchelewa. Metchnikoff alikuwa sahihi kwamba tumbo lina vijidudu marafiki; pupa ilikuwa kudhani kwamba bakuli moja linatosha kuwa dawa.