Mwalimu Alipokuwa Mwanafunzi Kama Sisi

Mimi ni mtoto wa Bunda, na kama watoto wengi wa Mara nimekua nikidhani namjua Mwalimu Nyerere. Picha yake ilikuwa ukutani darasani, kila Oktoba 14 tulipumzika kwa ajili yake, na kwenye mtihani wa historia jibu lilikuwa mara nyingi ni yeye. Likizo iliyopita ndiyo nimegundua nilikuwa simjui.

Aliyenigundulisha ni babu yangu mdogo, mdogo wake babu mzaa baba. Alikuwa amesikia kwamba huko chuoni mimi ni mwelimishaji rika, nakaa na wasichana wenzangu hosteli tunaongea habari za kondomu, uzazi wa mpango na kupima. Akaniita uani, akanipa kigoda, akaniambia kwa upole kabisa kwamba hayo ni mambo ya kuiga, na kwamba Mwalimu angekuwa hai angesikitika kumsikia binti wa Mara anayasema mbele za watu.

Sikumjibu. Kwetu mkubwa hajibiwi hivi hivi. Lakini nilikuwa na sababu yangu ambayo babu haijui. Mwaka wa kwanza nilikaa chumba kimoja na binti ambaye kwa akili ananizidi mbali, mtu wa kusoma mpaka saa nane usiku. Alikuwa anaamini P2 ukimeza mara moja inakukinga mwezi mzima. Nani alimwambia? Rafiki yake, ambaye aliambiwa na rafiki yake. Alipokuja kujua ana mimba, ilikuwa ya miezi minne na mitihani imebaki wiki mbili. Hakuna aliyemfukuza. Aliondoka mwenyewe usiku, kwa aibu, na bumu la semista ile likaishia kwenye nauli. Nilikuwa nalala kitanda cha juu yake na sikujua lolote la kumsaidia, maana hata mimi niliamini hivyo hivyo kuhusu P2.

Basi kesho yake nikapanda gari la Musoma, nikashuka Kiabakari, nikachukua bodaboda hadi Butiama. Nilitaka kujua kama ni kweli Mwalimu angesikitika. Nilizunguka makumbusho, nikapanda Mwitongo kwenye kaburi lake, na niliporudi chuoni nikaendelea kusoma maktaba. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Nianze na mama yake. Mugaya Nyang'ombe alizaliwa mwaka 1892. Mwaka 1907, akiwa na miaka 15, aliolewa na Burito Nyerere, ambaye baadaye alikuja kuwa chifu wa Wazanaki. Alikuwa mke wa tano, na wake walifika 22. Kambarage, ambaye baadaye angebatizwa Julius, alizaliwa Aprili 13, 1922, akakulia kwenye nyumba ya mama huyo. Yaani kabla hajajua siasa ni nini, alishaona kwa macho yake maisha ya mwanamke aliyeolewa akiwa na umri wa binti wa kidato cha pili.

Februari 1934 alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma mjini, zaidi ya kilomita 40 kutoka kwao. Alikuwa na miaka 11. Miaka miwili baadaye likatokea jambo ambalo darasani hawakutufundisha. Kwa mila ya Kizanaki, baba yake alimposea mke: mtoto wa kike wa miaka mitatu au minne. Kambarage alikuwa na miaka 14. Hawakuishi pamoja, na baadaye alipokuwa mtu mzima hakuendelea na ndoa ile. Lakini hebu fikiria, wewe uko shuleni unajifunza hesabu, na kule nyumbani kuna mtoto anayejifunza kuongea ambaye tayari ni mkeo.

Mwaka 1937 akaingia sekondari Tabora, na mwaka 1943 akaenda Makerere, Uganda. Hapa ndipo wanafunzi wenzangu naomba mtulie kidogo. Mwaka 1944 kulikuwa na shindano la uandishi. Nyerere ana miaka 22, umri wetu kabisa, yuko chuoni, anasoma vitabu vya Mwingereza John Stuart Mill. Angeweza kuandika juu ya wakoloni. Angeweza kuandika juu ya jambo lolote la mbali ambalo lisingemuudhi mtu kwao. Yeye akachukua hoja za Mill juu ya kukandamizwa kwa wanawake, akazipeleka moja kwa moja Uzanaki. Aliandika juu ya wanawake wa kwao, akiwa mtoto wa chifu mwenye wake 22. Insha ile ikashinda, na miaka mingi baada ya kifo chake ikachapishwa kama kijitabu.

Mara ya kwanza kusoma habari hiyo nilifunga kitabu nikamkumbuka babu yangu mdogo. Si ndiyo hicho hicho ninachoshtakiwa? Mwanafunzi wa chuo kurudi na maneno ya vitabuni na kuyaelekeza nyumbani kwao, kwenye mambo ambayo watu wazima wanaona yasisemwe.

Makerere alimaliza mwaka 1945, akafundisha Tabora, akaenda Edinburgh mwaka 1949 na kurudi mwaka 1952. Januari 24, 1953 alifunga ndoa Musoma na Maria Magige, ambaye alikuwa mwalimu. Kijana aliyeposewa mtoto asiyejua kitu akaoa mwanamke aliyesoma na aliyekuwa na kazi yake. Mwaka uliofuata, Julai 7, ikazaliwa TANU, na wanawake wa Dar es Salaam wakiongozwa na Bibi Titi Mohamed wakaisambaza nyumba kwa nyumba. Chuo kikuu chetu cha kwanza kilipofunguliwa Oktoba 25, 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kilikuwa na wanafunzi 14. Mwanamke alikuwa mmoja.

Sasa nisije nikamfanya malaika. Mwalimu alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa, na mimi siwezi kumwekea habari za kondomu mdomoni. Yeye na Mama Maria walikuwa na watoto wanane. Lakini mwaka 1969, alipowasilisha mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano mbele ya TANU, aliligusa jambo la uzazi waziwazi. Aliwaeleza wajumbe kwamba katika kuzaa binadamu na mnyama ni sawa, lakini kulea na kusomesha watoto ni wajibu wa binadamu, kwa hiyo mtu afikirie uwezo wa kuwatunza watoto vizuri badala ya kufikiria idadi yao tu. Kwa Rais wa Afrika wa miaka ile, kusema hivyo mbele ya chama chake hakukuwa jambo dogo. Wakati huo UMATI, chama cha uzazi na malezi bora kilichoanzia Dar es Salaam mwaka 1959, kilikuwa tayari kinafanya kazi.

Halafu inakuja mwaka 1971. Ikatungwa Sheria ya Ndoa, naye Rais akaikubali. Sheria ile iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana anasubiri miaka 18. Miaka 15! Umri ule ule wa Mugaya mwaka 1907. Sijui kama aliukumbuka wakati wa kutia saini. Ilibidi tufike mwaka 2016 ndipo Mahakama Kuu iseme vifungu vile vinakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Na mkoa wake wenyewe je? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini wameshazaa au ni wajawazito. Mara ilikuwa asilimia 37.

Kingine kinatuhusu sisi wa vyuoni moja kwa moja. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha Azimio la Musoma. Pamoja na elimu ya msingi kwa wote, waliamua kwamba anayemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Aende jeshi la kujenga taifa, afanye kazi miaka isiyopungua miwili, kisha ndiyo aombe. Kwenye karatasi sheria ilikuwa moja kwa wote. Mtaani haikuwa moja. Ukimwambia binti wa miaka 20 asubiri miaka mitatu, kuna posa, kuna mimba, kuna ndugu wanaouliza anasubiri nini. Idadi ya wasichana wanaoingia chuo ikashuka, na haikupita miaka mingi ikabidi wanawake waruhusiwe kuingia moja kwa moja.

Mimi hapo ndipo nilipompata Mwalimu wangu. Alielewa mapema kuliko wengi kwamba mwanamke anastahili kusoma. Lakini alijifunza kwa gharama, na nchi nzima pamoja naye, kwamba kumpa msichana nafasi darasani hakutoshi kama mambo ya mwili wake yameachwa yajiendeshe yenyewe. Elimu ya Kujitegemea aliyoiandika mwaka 1967 ilitaka mwanafunzi awe mtu wa kufikiri na kuamua mwenyewe. Binti anayeweza kukokotoa riba lakini hajui kukataa, wala hajui mimba inazuiwaje, hajajitegemea bado.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika Kagera mwaka 1983, yeye akiwa bado Ikulu. Mwaka 1985 aling'atuka, akarudi Butiama kulima. Alifariki London Oktoba 14, 1999, akazikwa nyumbani. Desemba 31 mwaka huo huo Rais Mkapa akatangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Tangu hapo kunyamaza hakuna tena kisingizio cha kutojua.

Kwa hiyo wenzangu, yale ambayo chumba chetu hakikuyajua mwaka ule ni haya. Kondomu, ya kiume au ya kike, ndiyo njia pekee inayokinga mimba na magonjwa kwa pamoja. P2 ni ya dharura: inamezwa ndani ya saa 72, mapema ndivyo bora, haikulindi kwa tendo lijalo na haizuii VVU. Ukibakwa au kondomu ikipasuka na una wasiwasi wa VVU, kuna dawa za kuzuia maambukizi. Zianze ndani ya saa 72 na zimezwe siku 28. Huduma za uzazi wa mpango kwenye vituo vya serikali ni bure. Na asiyetaka kufanya ngono kabisa, hiyo nayo ni haki yake, asisimangwe na mtu. Kaka zangu mnaosoma hapa, haya si ya mabinti peke yao.

Kabla ya kurudi chuo nilipita kumuaga babu. Nilimweleza habari za Mugaya na ile insha ya Makerere, nikiwa nimeinama kama inavyotakiwa. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniambia habari za dada yake mkubwa, kwamba alitolewa shule akaolewa, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa anajua kusoma kuliko wote pale nyumbani. Hakuniambia niendelee. Wala hakuniambia niache. Alinipa mfuko wa dagaa wa kula hosteli, akanisindikiza mpaka barabarani.